Kwa Mjomba Liborio, Kuhusu Gesi Niliyoiona

Añelo, Neuquén
14 Novemba

Mpendwa Mjomba Liborio,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua hakikusumbui tena kama wakati wa baridi iliyopita. Sisi huku hatujambo. Mbuzi wamezaa vizuri, na upepo umetupumzisha siku tatu mfululizo, hata vumbi limetua na milima inaonekana mpaka kwenye theluji yake ya mwisho.

Najua umenikasirikia. Binti yako Nélida aliniambia kwamba uliposikia kazi ninayofanya ulisema, "Kwa hiyo Edelmira anataka kusema mimi niliwaletea watu sumu?" Nimeishi na maneno hayo tangu Agosti. Ulichomelea bomba la gesi la kusini miaka ishirini na sita, ukawapelekea moto wa buluu watu waliokuwa wakikohoa kwa moshi wa kuni. Sina ubavu wa kukusema vibaya. Niruhusu tu nikusimulie ilivyokuwa, kisha kasirika ukipenda.

Kampuni ilinipa kazi ya kuhesabu hewa chafu inayotokana na gesi yetu katika safari yake yote: kutoka kisimani, kwenye mitambo ya kuisafisha, ndani ya bomba, melini, mpaka jikoni kwa mtu. Ikiungua, inatoa karibu nusu tu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa ya mawe. Hapo ulikuwa sahihi siku zote, Mjomba. Balaa ni ile inayotoroka kabla ya kuungua. Katika miaka ishirini ya kwanza angani, kilo moja yake hushika joto zaidi ya mara themanini kuliko kilo ya hewa ya ukaa. Ikivuja nyingi njiani, ile nafuu yote inapotea.

Walinikabidhi kamera inayoona gesi ambayo macho hayaioni. Sijui nikuelezeje. Siku ya kwanza niliyokuwa nayo nilikwenda nyumbani kwa Mama, nikaielekeza kwenye kile kisima cha gesi cha zamani nyuma ya zizi, kilichofungwa kabla sijaanza shule. Kwa macho ni chuma chenye kutu na nyasi kavu. Ndani ya kamera kulikuwa na kitu kinainuka taratibu, kama nywele ndefu zinazochanwa ndani ya maji. Kikapita juu ya migongo ya mbuzi, kikalizunguka paa, kikaenda zake mlimani. Hakuna sauti. Hakuna harufu. Nikasimama pale kama niliye usingizini, nikiwaza kwamba utoto wangu wote kilikuwa kikipita hivyo hivyo, juu ya michezo yetu, juu ya nguo kwenye kamba, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuza kichwa.

Mama alichungulia kwenye kamera, kibuyu chake cha chai ya yerba mkononi.

"Ala! Miaka yote hii nina jirani, na hata chai sijawahi kumkaribisha?"

Nilipozunguka visima vingine na kujumlisha, uvujaji ulikuwa mara tatu ya kiwango kilichomo kwenye kitabu cha kampuni. Msimamizi wangu, Fabián Ottaviano, alishika kichwa.

"Tumia hesabu ya kitabuni, Purrán. Wanunuzi wa ng'ambo wakiiona hii yako watatukimbia."

"Aliyeandika ya kitabuni hajafika kwa mama yangu."

"Usiniletee mama yako kwenye hesabu!"

"Basi nitakupeleka wewe kwa mama. Usipokuja, ripoti siitii saini."

Nilisema hivyo nikijua kwamba kazi hii ndiyo inayotulisha. Jumamosi akaja, uso umenuna. Mama akampa andazi la moto, torta frita, nami nikampa kamera. Akatazama kisima muda mrefu, mpaka ile torta ikapoa mkononi.

"Inatoka hivi kila siku?" akauliza.

"Hata Krismasi," Mama akamjibu.

Jumatatu alitia saini kando ya yangu, kwa hesabu tuliyoipima wenyewe. Wakubwa hawakufurahi. Yeye wamemhamishia stoo, na mkataba wangu unaisha Desemba. Hakuna anayeniambia kama utaendelea. Lakini wanunuzi hawakukimbia. Walisema: zibeni kwanza, ndipo tuzungumze. Oktoba likaja lori la saruji, na kisima cha nyuma ya zizi kikazibwa mpaka chini kabisa. Nilitazama tena kwa kamera. Nikaona kilima tu, na mbuzi.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya kuandika hesabu ya bomba, nilikwenda karibu na Zapala, mahali walipolifukua ili walipake rangi upya. Kwenye mashine za kusukuma gesi kulivuja. Kwenye valvu kulivuja. Nikayapitia maungio yaliyochomelewa, moja baada ya jingine, sitini na mawili. Kila fundi alikuwa amegonga alama yake kwenye chuma. Zenye LC, Liborio Currumil, zilikuwa kumi na tisa. Nilikaa mbele ya kila moja na kamera, nikisubiri. Haukutoka hata unyuzi mmoja wa gesi, si kwenye yako wala kwenye ya wenzako. Kwenye ripoti, mbele ya neno "maungio", nimeandika sufuri. Sufuri hiyo ni yako, Mjomba.

Mama anapandisha mbuzi milimani tarehe tano Desemba, na amesema farasi wa kijivu hatampandisha mtu mwingine mpaka ajue kama unakuja. Njoo. Tukibishana, tutabishana tukiwa juu ya farasi.

Nisalimie sana Mama Nélida, na Nélida mwenyewe, na umbusu mtoto wake Ayelén. Mungu akupe pumzi ndefu na safari isiyo na barafu.

Mpwa wako akupendaye, hata ukinuna,

Edelmira Purrán