Athi ya Tela

Jumatatu, 4 Machi

Tumefika kiwanjani. Mkwe wangu, mume wa binti yetu, ametuvutia tela kwa pikapu yake. Ndiyo nyumba yetu sasa, mimi na mke wangu, mpaka tutakapojenga. Nimelipaka rangi mwenyewe, juu mpaka uvunguni. Linang'aa! Tulipofika taa zote zikawaka, na mashine ya kupumulia ya mke wangu ikanguruma vizuri. Mkwe akafungua pikapu kutoka kwenye tela, akaondoka — giza. Mashine imehamia kwenye betri yake ndogo ya akiba. Kesho nitatengeneza. Kwa fundi kama mimi hii si kazi.

Jumanne, 5 Machi

Fyuzi nzima. Betri kubwa ya tela nimeigusisha balbu, inawaka mpaka macho yanauma. Ndani ya tela, hakuna kitu. Nimefungua swichi zote nikazirudisha. Imebaki skrubu moja, sijui ya wapi. Mchana nilizima mashine, akiba isiishe. Mke wangu akasema hana shida. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Nimeiwasha tena.

Alhamisi, 7 Machi

Mkwe kaja. Kafunga pikapu kwenye tela, taa zikawaka. Kafungua, giza. Akakuna kichwa, akasema huenda ni athi: waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha tela haushiki, chuma cha pikapu ndicho kinausaidia. Nikamwambia nimeunga nyaya za mabasi yeye bado anatambaa. Halafu akaomba amchukue mama akakae kwao, kuna umeme wa uhakika. Nikakataa. Mke wangu si mzigo wa kupakiwa kwenye gari! Mwenyewe hakuulizwa. Aligeukia ukutani.

Mkwe aliacha pikapu imefungwa mpaka akiba ikajaa nusu. Alipotaka kulala hapa nikaona ananidharau.

"Usikanyage hapa tena mpaka nikuite," nikamwambia.

"Sawa, mzee."

Hata hakubishana.

Jumamosi, 9 Machi

Akiba imeisha asubuhi. Simu ilishakufa, hapana pa kuichajia. Nimeingia uvunguni na bisibisi.

Nimeiona. Waya wa athi umekazwa juu ya rangi. Rangi yangu. Umeme haupiti kwenye rangi, hata mwanafunzi wa ufundi anajua. Mkwe alisema kweli. Naandika hapa tu, simwambii mtu.

Nimekwangua mpaka chuma kikawa cheupe. Nikakaza bolti kwa nguvu zangu zote, nioneshe bado ninazo. Imekatika. Waya ni mfupi, haufiki penginepo. Kamba inateleza. Jiwe halibani.

Nimelala chali, nimeubana waya kwenye chuma kwa kisigino. Mashine inanguruma! Nikilegeza inazima. Ikizima, mke wangu anagonga sakafu. Amegonga mara nyingi. Kalamu na daftari vilikuwa mfukoni. Naandika ili mguu usisinzie, mimi nisisinzie.

Sasa nasikia pikapu. Naiona kwa chini, kati ya magurudumu. Mkwe kasimama barabarani, nje ya lango. Haingii. Nilimkataza.

Nimemwita. Nimepaliwa na vumbi, sauti haikutoka vizuri. Katundika mfuko wa vyakula langoni. Anatazama tela. Ataona taa inawaka dirishani, atadhani nimeweza.

Kageuka, anarudi garini. Namwita tena. Mguu unatetemeka. Huko juu mke wangu anagonga.