Tulifunga Siku Tatu kwa Namba Tano

Jumanne, Liverpool. Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba ambayo unaona aibu kuifungulia mwavuli, halafu ukifika kituo cha treni umelowa mpaka soksi.

Nina hofu leo. Naandika kwa sababu nikiisema kwa mdomo nitalia, na Ketsia wangu wa miaka minne yuko hapa mezani anachora. Ataniuliza "Mum, why?" mpaka nichoke.

Kwa yule ambaye hajawahi kusoma hapa: mwanangu mkubwa ni Ornella, nyumbani tunamwita Nela. Nilimzaa nina miaka kumi na saba, kambini Tanzania. Leo ana kumi na tisa, yuko Marekani, chuo kikuu, anacheza basketi. Chuo kinamlipia ada, chumba na chakula kwa sababu anacheza. Mimi niliishia darasa la sita. Kwa hiyo mkiona nimeandika "chuo kikuu" mara nyingi mnisamehe, nasikia utamu tu kuliandika.

Wiki tatu zilizopita alinitumia sauti kwenye simu. Nela Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema ni vipande vipande. Alisema hivi: "Mama, niombee. Ni kitu ya namba. Namba tano, labda itabadilika. Kochi bado anafikiri." Kochi ni yule anayewafundisha mchezo.

Namba.

Sijui kwa mtu mwingine neno hilo lina uzito gani. Kambini namba ndiyo ilikuwa mtu. Namba ya familia ndiyo iliyokupa unga na maharage, na ndiyo iliyobandikwa ubaoni siku ya kuitwa kwenye mahojiano ya kuja huku. Nilipokuwa na mimba ya Nela walituhamisha kutoka kambi moja kwenda nyingine. Namba yetu ikabadilishwa, na faili letu likarudi chini kabisa, kama vile tumefika jana. Tulisubiri miaka mingine minne. Mama yangu alifia ndani ya hiyo miaka minne.

Kwa hiyo niliposikia namba ya mwanangu inaweza kubadilika, mimi niliona ubao ule ule. Niliona ofisi huko Marekani, mtu amekaa na orodha, anamfuta.

Sikumuuliza. Hilo ndilo kosa langu. Niliona haya, mama mzima kila siku kuuliza hiki ni nini na kile ni nini.

Jumatano yake nikaenda kwenye maombi ya kina mama kanisani. Nikasema, ombeni namba ya Nela isiguswe. Hakuna aliyeniuliza namba gani. Wengi wetu pale tumetoka kambini, kila mmoja namba yake anaikumbuka kuliko siku yake ya kuzaliwa. Mama Shukuru, rafiki yangu, Mkongo wa Uvira, akasimama akapiga kelele: "Hiyo namba, Mungu aishikilie na mikono yote mbili!" Tukakubaliana kufunga siku tatu. Nilifunga na shifti zangu zote kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nawalisha wengine mimi sijala.

Leo asubuhi saa kumi na mbili, nimeshavaa sare ya kazi, Nela akapiga kwa video. Macho yamevimba.

"Mama, kochi amesema no. Ninabaki namba tano."

Nikaruka pale jikoni. "Asante Yesu! Tumeiombea hiyo!"

Akasogeza uso karibu na simu. Kisha akauliza polepole, "Mum, mliomba nini?"

Nikamweleza. Kufunga, kina mama, Mama Shukuru na mikono yote miwili. Akaanza kucheka, akacheka mpaka simu ikawa inatikisika. Halafu kicheko kikaisha, akajifuta pua kwa mkono wa sweta kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"So all the aunties waliomba nibaki mahali sitaki."

Ndipo nilipojua. Kwenye basketi namba ni kazi ya mtu uwanjani. Namba tano anasimama chini ya goli, anasukumana na watu wanene, anagombea mpira unaoanguka. Namba mbili anakaa mbali, anapewa mpira, anatupa. Nela ni wa kutupa. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye benchi la uwanja wa hapa karibu jioni ngapi sijui, namwangalia anatupa kutoka mbali, mpira unaingia bila kugusa chuma. Lakini ni mrefu mno. Kule walitazama urefu wakamweka chini ya goli. Wakamwambia ale, anenepe. Amenenepa, goti limevimba, na bado anakaa benchi kwa sababu namba tano wa kweli wapo wawili mbele yake. Kile anachokiweza hakuna anayemfundisha tena. Alimwomba kochi ambadilishie, kochi akafikiria wiki tatu.

Na sisi wiki hizo tatu tulikuwa tunamwombea kochi akatae.

Sasa anataka kuhama chuo. Kuna orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama, jina lako likiingia vyuo vingine vinakuona. Ila kabla halijaingia, vyuo hivyo haviruhusiwi kuongea na wewe. Yaani unaachia kwanza, ndipo unatafuta pa kushika. Na kochi wake amemwambia wazi: jina likiingia, msimu ujao nafasi yake anapewa mwingine, na malipo yanaisha muhula huu ukiisha. Asipopata chuo kingine hana ada, hana chumba, na viza ya mwanafunzi bila chuo haipo. Atarudi hapa na begi lake.

Dirisha la kuingiza majina linafungwa kesho.

"Mimi ni mtu mzima, naweza kusaini mwenyewe," akaniambia, kwa Kiingereza sasa, maana hapo Kiswahili kilimwishia. "Lakini ukisema hapana, sitafanya. Nataka useme wewe."

Nilimwambia nitamjibu saa ya chakula. Nikakimbilia treni.

Nataka niandike ukweli hapa. Kitu cha kwanza moyoni kilikuwa hapana. Abaki. Avimbe goti, akae benchi miaka miwili iliyobaki, lakini atoke na cheti. Mtu mwenye chakula kwenye sahani haachi sahani ili kuuliza kama kuna nyingine. Kuhamishwa nakujua mimi. Nimekuona.

Asubuhi nzima mikono ilikuwa inafanya kazi peke yake. Nilimwekea mzee mmoja chai kwenye glasi ya kulowekea meno ya bandia.

Saa ya chakula nikampigia Mama Shukuru, yeye yuko ghalani anafunga maboksi. Nikamweleza namba tano ni nini.

"Weye Mama Nela! Nimelala njaa siku tatu juu ya namba yenye mtoto hataki?"

"Nisamehe dada yangu."

"Mungu atusamehe siye wote. Kusikia alisikia, tena haraka. Siye ndio tulituma adresi mbaya." Akacheka mpaka nikasikia mtu anamwita arudi kazini. Halafu akashusha sauti. "Sasa weye unaogopa nini? Mtoto ama kambi?"

Nikasema chakula kinapoa.

Nilikaa kwenye chumba cha kufulia, joto la mashine mgongoni. Huu mgongo wangu una historia. Mwaka wa kwanza pale kazini waliniona nina mwili mkubwa wakanipa kazi ya kunyanyua. Kila mzee mzito, "Call her, she's strong." Miaka miwili. Nilikuwa naenda nyumbani natambaa ngazini. Lakini mimi kunyanyua sijawahi kukujua, najua kukaa na mtu. Najua kumlisha yule aliyesahau kumeza, namsugua koo na kidole huku naimba. Siku moja nilienda kwa msimamizi na Kiingereza changu kibovu nikamwomba anihamishe upande wa wazee wanaosahau. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, nilijua nitafukuzwa. Akanihamisha. Sasa ni miaka mitano, na kuna bibi mmoja pale hafungui mdomo mpaka anione mimi.

Sijawahi kumsimulia Nela habari hiyo. Ila aliona. Alikuwa msichana mdogo akinipaka dawa mgongoni.

Nikashika simu, nikaongea kabla sijabadilisha mawazo. Sauti yenyewe ya sekunde arobaini, nimeisikiliza tena mara nyingi nikiwa kwenye treni ya kurudi. Nasema: "Nela, ni Mama. Ingiza jina. Ukipata chuo, tunashukuru. Usipopata, kitanda chako kipo, Ketsia amejaza midoli yake juu, tutaitoa. Mimi naogopa sana, sitakudanganya. Lakini ingiza." Mashine nyuma inanguruma kama ndege.

Kwake ilikuwa karibu saa kumi na moja alfajiri, nikajua amelala. Hakuwa amelala. Akajibu hapo hapo kwa maandishi: "Ok Mama. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwa ofisi. Thank you." Na moyo mmoja mwekundu.

Ofisi yao ikifunguliwa kesho asubuhi, hapa itakuwa jioni, na usiku huu sina hakika kama nitafumba macho. Kesho saa kama hizi, jina la mwanangu litakuwa limeshaachia chuo chake, na kwingine hakuna aliyesema anamtaka. Hata mmoja. Je, nimemtuma atoke nje ya mstari, kama walivyotutoa sisi? Tofauti ninayoiona ni moja tu. Sisi hakuna aliyetuuliza.

Ketsia amemaliza kuchora. Amechora mtu mrefu sana, kichwa kimetoka nje ya karatasi, kimeendelea mezani. Nitafuta baadaye.

Kesho ni Jumatano, siku ya maombi. Nitasimama mbele ya kina mama nikiri kosa langu, na watanicheka, Mama Shukuru ndiye atakayeanza. Kisha nitawaomba tufunge tena. Safari hii nitakuja nimeandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na nitaisoma mara mbili ili hata wa nyuma wasikie.

Namba mbili. Na chuo chochote, Bwana, ambacho kitampa mpira akiwa mbali.