Kahawa ya Mama, Kimwani

Mjukuu wangu Koku,

Huku Morogoro hatujambo, ila goti la babu yako linamsumbua, nami usingizi umenikimbia tangu niliposoma swali lako: kwa nini watu wa Kimwani wanakataa kuwapa damu, ilhali utafiti wenu wa malaria ni kwa faida yao?

Nilikuwa msichana watafiti walipofika nyumbani kwetu, hapo hapo Kimwani. Mama aliwapa kahawa ya kutafuna, kama apewavyo kila mgeni. Mkubwa wao akaisukuma kando.

"Tuna haraka, mama. Lete mkono."

"Kahawa yangu unaiogopa, damu yangu unaitaka?"

Majirani walicheka, kisha wakatawanyika.

Kesho yake muuguzi wao alirudi peke yake, akaketi, akatafuna.

"Mtarudi kuniambia mlichokiona?" mama alimuuliza.

"Tutarudi, mama."

Ndipo mama akanyoosha mkono.

Mimi niliolewa, nikaja huku mbali. Kila nilipokwenda kumsalimia, kabla sijatua mzigo, aliniuliza kama njiani nimekutana na wale watu wa damu. Alifariki akiwasubiri.

Sasa nakuuliza wewe, Koku: mmewaambia mtarudi lini? Nijibu upesi, siwezi kutulia.

Bibi yako