Kumeza Mbele ya Mkamwana

Kibabi, Jumatatu, 3 Mei 1954
Maziwa tena, nyuma ya mlango. Nusu tumboni, nusu kwenye shati. Tangu upande mmoja wa uso wangu ufe, nakula peke yangu. Katika chumba cha mbele Feza, mke wa mwanangu, anamlilia mtoto wake. Mtoto mwenyewe halii. Hana nguvu.

Jumatano, 5 Mei
Ukimwinua, kichwa na mikono vinaning'inia. Titi linamponyoka. Feza anamlaza chali, anammiminia maziwa kwa kiganja. Yanarudi kwa pua. Mwanangu yuko migodini Walikale, hajui. Jirani yetu, Mama Nyota, anapiga kelele: "Umubane pua, atameza!"

Ijumaa, 7 Mei
Kaburi li karibu, niseme kweli. Namwonea wivu mtoto huyu. Wote wanamzunguka. Mimi hakuna aniulizaye kama nimemeza. Nimezeeka nikifundisha katekisimu, na leo nina wivu na kichanga.

Jumamosi, 8 Mei
Amepaliwa. Midomo ikawa rangi ya majivu. Wivu wote umenitoka, imebaki hofu.
Mimi pia hupaliwa nikilala chali. Nikikaa wima, kidevu chini, nikikitegemeza kwa kidole, maziwa yanapita. Lakini ulimi wangu hautamki tena, na Feza hajui kusoma. Imebaki kumwonyesha. Na kwetu baba mkwe hafungui kinywa kula mbele ya mkamwana. Afadhali atembee uchi.

Jumapili, 9 Mei
Nimeingia na kikombe changu. Feza akageukia ukuta, kama inavyopasa. Nikagonga fimbo mpaka akatazama.
Kwanza nililaza kichwa nyuma, makusudi. Nikapaliwa, nikatema mpaka mkekani. Kisha kidevu chini, kidole chini yake. Yakapita.
Mama Nyota akaangua kicheko. "Feza, kumbe uko na batoto mbili!"
Aibu ilinichoma. Feza hakucheka. Alimkalisha mtoto wima, akamshika kidevu, akachukua kijiko. Tone moja. Tukangoja. Koo dogo likapanda, likashuka.
"Papa," Feza aliniita, akanitazama usoni. Hajawahi.

Jumatano, 12 Mei
Mvua. Feza ameweka kikombe mlangoni, akageuza uso, akaondoka. Heshima imerudi mahali pake. Sitamwita.
Nimekaa wima. Nyuma ya ukuta wa fito nasikia kijiko kikigusa bakuli. Kimya. Kisha mtoto anameza.
Nami nameza.