Sandeshi Zisizo na Chapa

Beltsville, Maryland

Kwako dada yangu Genoveva,

Shikamoo dada. Natumaini mguu umeacha kuvimba na pilikapilika za send-off ya binti yetu Queen hazijakunyima usingizi. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku inanipiga makofi kila asubuhi, ila nayo inajua imekutana na mtoto wa Musoma.

Yule dada Vumilia niliyemtuma kutoka huku akikukabidhi barua hii, ingia chumbani, funga mlango, usimwite Queen. Boksi jeupe alilokuja nalo asilifungue mtu kwanza. Humu kwenye barua mna habari ya mdogo wetu Sebastian, na nitaifikia. Unanijua mdogo wako, hata nikitumwa chumvi lazima nipite kwanza kuwasalimu watu wa njiani.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, simu yako unaiweka spika, mtaa mzima unanisikia, na mjomba Method habanduki hapo sebuleni kwako. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi wa darasa la saba mkondo wa B. Mwandiko usiucheke.

Bado niko kwenye lile duka la vitamutamu vya Kibengali. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kalkuta, watu wote tunamwita Mashi, kwao ni kama sisi tunavyosema mama mdogo. Maziwa tunayakata kwa ndimu, tunayachuja kwa kitambaa, halafu yale mazito tunayakanda kwa kiganja mpaka yawe laini kama shavu la mtoto mchanga. Mashi mwenyewe ametamka mbele za watu kwamba Marekani nzima hakuna kiganja kinachokanda kama changu. Wakongo wa kwa Macaire, duka la jirani, wananiita Chef, Wakenya wananiita Mheshimiwa. Wabengali nao hawazai, hawafaulu mtihani, hawanunui hata gari bila boksi kutoka mikononi mwangu. Nikisema nimewalisha mabalozi utasema Clement ameanza, basi naacha.

Kitamu wanachokiheshimu kuliko vyote kinaitwa sandeshi. Dada, kwa lugha yao neno hilo maana yake ni habari. Zamani ukimpelekea mtu habari njema unampelekea na hicho, kwa hiyo kitamu chenyewe kikaitwa Habari. Kinagandamizwa kwenye kibao kilichochongwa, kinatoka na chapa ya ua au ya kombe la baharini. Cha harusi kinatoka na chapa ya samaki.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa kumi, kwenye sikukuu yao kubwa ya mungu wao mama, Durga. Walikodi ukumbi wa shule kule Gaithersburg, ngoma zinapigwa, wanawake wamevaa sari nyeupe za pindo jekundu. Sikukuu ikiwa katikati, mume wa Mashi, Mzee Haldar, akanivuta nyuma ya gari la duka. Akaniambia mama mzazi wa Mashi amefariki Kalkuta, ila Mashi asiambiwe mpaka sikukuu iishe. Kwao mfiwa haruhusiwi kugusa vyakula vya ibada, na ni Mashi peke yake aliyekuwa anaviweza. Akaniomba nikae naye karibu nimchekeshe, maana nikinyamaza mimi atajua kuna jambo.

Nikamchekesha, dada. Nilimwigiza padri wetu anavyopiga chafya kwenye mahubiri, akacheka mpaka akashika meza. Siku ya mwisho wanawake walipanda jukwaani kumlisha yule mungu sandeshi mdomoni, wakapakana rangi nyekundu mashavuni, wakacheza. Mashi alicheza kuliko wote. Waliokuwa wanamkumbatia walikuwa wanajua. Mimi niliyekuwa nimeshika sinia nilikuwa najua.

Kesho yake wakamwambia. Hakulia. Alichukua sufuria la maziwa tuliyokuwa tumeshayakata, akalimwaga lote kwenye sinki, taratibu, huku anatutazama. Halafu akaeleza kwamba binti aliyeolewa, kwa desturi yao, ana siku tatu tu za kumlilia mama yake. Zimeshapita. Zote tatu amezicheza. Akaniambia mimi hasa, kwa sauti ya chini, kwamba wengine walimficha tu, lakini mimi nilimfanya acheke. Tangu siku hiyo nikiwa nakanda hasimami upande wangu wa meza.

Nimefika sasa, dada. Kaa kitandani.

Sebastian hatunaye. Jumanne iliyopita alikuwa anarudi kutoka kazini Gaithersburg, barabara ina barafu, lori likampanda kwa nyuma. Hakufika hospitali akiwa hai. Nilimtambua mimi mwenyewe. Uso wake uko salama, hilo nakuapia.

Simu yake haikuharibika kama nilivyokwambia. Suti ya bluu uliyoiulizia, ile ya kumtolea Queen kama mjomba wake, imetoka kwa dobi na ameshavishwa. Na nilipokwambia tunakuja wawili ukafurahi, ukasema umeazima godoro, mimi nikacheka kwenye simu. Tunakuja wawili kweli, ndege moja. Mimi juu kwenye kiti, yeye chini.

Mjomba Method na wazee wote wanajua. Wamekubaliana usiambiwe mpaka send-off ipite Jumamosi, tufike Jumapili, msiba uanze hapo. Mimi nimepangiwa kukupigia kila siku nikuchekeshe, kwa sababu Clement ndiye anayemweza Genoveva. Jana nilikupigia. Ulicheka ile hadithi ya mbwa wa jirani mpaka ukakohoa. Nilipokata simu nilimwona Mashi, macho yake yalikuwa kwangu. Hajui Kiswahili, ila kicheko cha namna ile anakijua.

Yule mtoto ulimbeba wewe mgongoni mama alipotutoka. Siwezi kukuacha uselebuke Jumamosi umevaa kitenge cha sare, na ukumbi mzima unakutazama unavyocheza, wanajua. Sherehe ni yako na msiba ni wako. Ukitaka kuahirisha, ahirisha. Ukitaka Queen asindikizwe kwanza, msindikize, lakini uwe unajua unachokifanya. Wazee wakinitenga, watanitenga.

Kuhusu boksi. Nilipomweleza Mashi, alirudi upande wangu wa meza, akakanda mwenyewe. Safu ya juu ni samaki, ni za Queen, umpe siku utakayoona inafaa. Za safu ya chini hazina chapa. Alikataa kuzigandamiza kwenye kibao, akasema hizi ni za dada yako, na habari yake haina umbo. Zitunze kwenye friji. Kwao mfiwa akimaliza siku zake analishwa kitamu, basi na wewe kula siku tutakayoanua matanga, nikiwa nimekaa hapo pembeni yako.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mjomba Method msalimie ukishaamua, siyo kabla. Nikipiga simu jioni usiiweke spika, na usinitake nikuchekeshe.

Tandika kitanda kimoja, dada. Lile godoro la kuazima lirudishe.

Ni mimi mdogo wako uliyebaki naye,

Clement