Rangi ya Kucha kwenye Nati

Jumatatu, 3 Juni

Safari ya arobaini leo. Arobaini! Na hakuna hata kioo kimoja kilichopata ufa. Naandika humu kwa sababu nikimwambia mtu ataona najipiga kifua. Najipiga, ndiyo.

Mume wangu alipoanguka ngazini mwezi wa tatu na bega likateguka, kila mtu alijua duka la vioo limekwama. Nani atavuta tela? Nikasema mimi. Mama mkwe, ambaye duka ni lake, alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu. Akasema haya, mpaka mwanawe apone. Hiyo "mpaka" imenikaa kooni hadi leo. Sitaki kurudi kwenye meza ya kukatia vioo. Nataka usukani, na nautaka moja kwa moja.

Leo nimemsikia akimwambia mteja kwenye simu kwamba asiwe na wasiwasi, anayeleta mzigo ni mwangalifu kupita kiasi. Hakujua niko mlangoni. Nimepita kifua mbele mpaka jikoni, na jikoni sikuwa na la kufanya.

Uangalifu wangu wote uko kwa Kipara. Ndivyo ninavyoliita lile tufe la chuma nyuma ya pikapu, ambalo kikombe cha tela hukaa juu yake. Linang'aa na halina unywele. Chini yake linashikwa na nati moja tu. Nati ikilegea, tufe linacheza, na siku moja tela inaamua kwenda zake. Kwa hiyo nikishakaza nachora mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha nyuma ya gari. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na ninaona. Kila asubuhi kabla ya chai nalala chini natazama. Mume wangu anasema nimemfungulia Kipara saluni.

Alhamisi, 6 Juni

Tumepata kazi ya hospitali! Milango mikuu ya jengo jipya. Vioo sita, kila kimoja kirefu kunishinda, watu wanne kukinyanyua. Vinapelekwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mama mkwe kasema kikivunjika kimoja hakuna muda wa kuagiza kingine, jengo linafunguliwa Jumatatu yake. Kasema hivyo akinitazama mimi — mimi hasa.

Mchana nimemfungua Kipara, nikakwangua kutu yote kwenye chuma cha nyuma, nikakipaka rangi nyeusi. Tabaka tatu, juu na chini, mpaka kuzunguka tundu linalopitisha shina la Kipara. Siwezi kuingia hospitali na kutu.

Ijumaa, 7 Juni

Rangi imekauka. Kipara amerudi kwake. Nimekaza mpaka spana ikagoma, nimechora mstari mpya. Jirani muuza magodoro kauliza kama tumebadilisha gari. Nikamwambia hapana, ni mkono wangu tu.

Jumamosi, 8 Juni

Mstari umekatika.

Nati imesogea kiasi cha punje ya mchele. Na ilikuwa safari ya shule tu, madirisha manane, lami tupu. Sikukaza vizuri? Mimi? Nimekaza tena, nimechora tena. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 10 Juni

Umekatika tena. Kumpelekea kinyozi kioo chake, kwenda na kurudi, basi.

Nimefanya jambo la kipuuzi. Mume wangu siku hizi anazunguka uani na spana mkononi, anazoeza bega. Nikamuuliza kama ameigusa nati yangu. "Niilegeze mimi? Halafu uende nayo barabarani?" Akaweka spana chini akaingia ndani. Niliona aibu.

Wakati wa chakula akasema daktari amemruhusu kuendesha kuanzia Alhamisi. Mama mkwe uso ukamkunjuka. Akasema vioo vya hospitali basi atapeleka mwanawe mwenyewe. Mimi nikatafuna. Nikisema nati inalegea, wataona nimeshindwa na usukani ndiyo kwaheri. Nisiposema, ni mume wangu atakayekaa mbele ya tela ile. Nimetafuna tu mpaka sahani ikaisha.

Jumanne, 11 Juni

Nimepiga moyo konde nikampigia fundi wa gareji, yule rafiki wa mume wangu. Nikasema, fundi, Kipara amelegea. Kisha akauliza, taratibu, nani amelegea? Nilisahau kwamba yeye mwenyewe kichwani hana hata unywele.

Nimempelekea gari gareji, amefungua nati. Amepitisha ukucha kuzunguka tundu, rangi ikatoka kama siagi.

"Shemeji, nani kapaka hapa?"

"Mimi."

"Tabaka ngapi?"

"Tatu."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alinieleza kwamba nati inatakiwa kubana chuma kwa chuma. Rangi ni laini. Unakaza, unajiona umefika, kumbe unabana rangi. Gari likitikisika rangi inasagika, pembeni inakimbia, nati inabaki haina cha kubana. Ningeweza kukaza kila siku mpaka Kipara aote nywele.

Kwa hiyo ni mimi. Mimi na umaridadi wangu.

Tumekwangua mpaka chuma cheupe pale tufe linapokaa na pale nati inapobana, kwingine nyeusi yangu ikabaki. Ameweka washa mpya, kile kipete bapa cha chini ya nati, kisha akanipa mimi ile spana ndefu inayolia "tak" ikifika kipimo. Nimejikaza kisabuni. Ilipolia, nimeisikia mpaka mabegani. Akaniambia nikiwa na mzigo mzito nisimame baada ya mwendo mfupi nitazame tena. Halafu, akifuta mikono, akasema madereva wake wote wanakuja kwake tela ikishadondoka. Mimi ndiye wa kwanza kuja kabla. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza chumvi.

Jumatano, 12 Juni

Nimewaambia. Mezani, wote wawili, bila kuzunguka. Rangi, mstari, Jumamosi, Jumatatu. Na nikamwomba mume wangu msamaha kwa kumshuku.

Mama mkwe akasukuma kikombe pembeni.

"Ya rangi sina neno, kila mtu hukosea. Lakini tangu Jumamosi, mwanangu? Tunakula meza moja na hukuniambia?"

Niliogopa, nikasema niliogopa. Akainuka, akachukua funguo za pikapu kutoka mfukoni mwa aproni yangu — mfukoni mwangu! — akaziweka mbele ya mwanawe.

Mume wangu hakuzigusa mara moja. Akasema, "Mama, mimi nimevuta ile tela miaka sita. Sijawahi kulala chini hata siku moja." Mama mkwe akamwambia anywe chai.

Nimelia bafuni, kidogo. Kunyamaza nilikosea, hilo nakubali na linaniuma. Lakini aliyeona ni nani? Mstari wangu. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika garini, kiti cha abiria; usukani anao mume wangu. Bado tuko getini hospitali, saa nne na nusu.

Tulipakia alfajiri. Vioo sita vimesimama kwenye tela, blanketi katikati, kamba mbili mbili. Mama mkwe alivigusa kimoja kimoja. Kwangu alisema tu nikafunge mkanda.

Baada ya kama kilomita ishirini nikasema tusimame. Mume wangu akasema msimamizi wa jengo ameshapiga simu mara mbili. Nikasema tusimame. Akasimama kituo cha mafuta, nikalala kwenye saruji na gauni langu zuri. Mstari mzima! Umenyooka kama nilivyouchora. Nilirudi kitini na madoa ya oili mgongoni, na sijawahi kujisikia nimependeza namna ile.

Sasa kuna hili geti. Nguzo mbili za mawe na tela lazima iingie kinyumenyume, nafasi ya kiganja kila upande. Mume wangu amejaribu mara mbili. Bega halizunguki vizuri, anakata usukani nusu anaishia hapo. Mara ya pili tela ilijikunja na kioo cha mwisho kikakaribia nguzo, mlinzi akapiga kelele. Sehemu kama hizi nimeziingia mara kumi na kitu, ile ya kinyozi ilikuwa nyembamba kuliko hii.

Amezima gari akashuka. Funguo zimebaki. Namwona kwenye kioo cha pembeni: amepiga magoti nyuma, anainama kwa shida, anapitisha kidole pale chini kwenye mstari wangu. Msimamizi amefika, anatazama saa yake. Simu inaita, ni Mama mkwe. Sijapokea.

Mume wangu amesimama. Amejipanga karibu na nguzo ya kulia, anapojipanga mtu wa kuelekeza. Ameinua mkono wa bega zima na anaashiria: rudi, rudi, taratibu. Anaashiria hivyo na kiti cha dereva hakina mtu.

Nimesogea kwenye usukani. Naacha hapa, nahitaji mikono yote miwili.