Picha za Utosi

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, na kazi inakwenda. Wiki hii nimechonga ubaoni picha ya fundi cherehani na wateja wake. Nikishaupaka ubao wino, nalaza gazeti kuukuu juu yake na kulisugua kwa mgongo wa kijiko, mpaka mtaa mzima utokee juu ya habari zilizochacha. Uliuliza kama bado nachafua mikono. Dada, hata chai yangu ina wino.

Picha anazipeleka sokoni shemeji yako. Anasema wanunuzi wanazisifu, eti nimebuni mtindo wa kuwaonyesha watu kwa juu: utosi, mabega, miavuli, mizigo ya kichwani. Nilicheka peke yangu. Mtindo gani? Dirisha la ghorofani litanionyesha nini kingine? Akitoka hufunga mlango kwa nje na ufunguo anakwenda nao. Kwa madai yake, mtaa umeharibika. Sasa sura za watu zinanipotea. Juzi nilijaribu kuchonga yako, nikakwama kwenye pua.

Barua hii naishusha kwa kamba, ndani ya kikapu ninachopandishia magazeti. Muuza magazeti ni mtu mwema, ataituma.

Njoo asubuhi, akiwa sokoni. Usipige hodi, sina cha kukufungulia. Simama ng'ambo, mbele ya duka la magodoro, uinue uso. Mimi nitaipata pua yako, nawe utaujua mlango wa kuvunja.

Mdogo wako,
wa dirishani